Taa Ziwakazo Zenyewe, na Nyaya za Nyumba Zetu za Zamani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kanja)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya zile taa ambazo huwaka zenyewe mtu apitapo, kisha huzima akiisha kwenda zake. Mwaka huu jambo hili limeletwa mbele yetu mara nyingi kuliko ombi jingine lolote, na leo hapana budi mkutano ukate shauri. Swali lenyewe ni hili: fedha zilizotengwa kwa ajili ya wazee na wajane zitumiwe kununulia taa hizo moja kwa moja, au zitumiwe kwanza kukagulia nyaya za nyumba zitakazofungwa taa hizo? Sisi tuna maoni yetu, wala hatutayaficha. Lakini twataka kwanza mjue sababu zake.

Hakuna aliye na shaka juu ya haja yenyewe. Katika miji yetu mingi choo kiko nje, nyuma ya jiko au kando ya zizi. Mzee huamka usiku wa manane, hupapasa ukuta akitafuta swichi, na mara nyingi swichi hiyo iko upande wa pili wa chumba. Akifungua mlango hukuta vidaraja vya saruji vilivyoliwa na mvua, na chini yake udongo wetu mwekundu, ambao mvua za mwezi wa nne zikiunyeshea huwa kama sabuni. Mwenye umri wa miaka themanini akianguka hapo na kuvunjika nyonga, hutoka kitandani kwa shida, na pengine hatoki tena. Pili kuna habari ya wezi wa ndama na kuku, ambayo hatuna haja ya kuieleza kirefu hapa. Basi taa iwakayo yenyewe mlangoni ni msaada wa kweli, wala si anasa ya watu wa Nairobi kama walivyosema wengine.

Lakini taa hupata nguvu zake katika waya, na waya una umri wake.

Wazee wetu wakumbuka ya kuwa maji ya mito yetu, yateremkayo kutoka Mlima Kenya, huingia Tana, na ya kuwa Tana ndiyo iendeshayo mitambo ya umeme iliyoanza kufanya kazi huko chini, Kindaruma mwaka 1968, hata ikafika Kiambere mwaka 1988. Umeme huo ulipita karibu yetu miaka mingi kabla haujaingia katika nyumba zetu nyingi. Mpango wa Serikali wa kupeleka umeme mashambani ulianza mwaka 1973, nao ulienda polepole sana. Ule mkubwa zaidi wa kuziunganisha nyumba za watu wa kawaida ulianza mwaka 2015. Kwa hiyo hapa kwetu pana nyumba za namna mbili. Ziko zilizopata stima juzi juzi, zenye kisanduku kipya na nyaya mpya. Tena ziko zile za zamani, za mbao na mabati, za walimu, za watu wa dukani, na za wale waliouza kahawa wakati kahawa ilipokuwa na bei, ambazo nyaya zake zilipigiliwa juu ya mbao miaka thelathini au arobaini iliyopita, wala hakuna aliyezitazama tangu siku hiyo. Hizi za pili ndizo wakaamo wazee wetu wengi. Ndizo tunazozisemea leo.

Yafaa kwanza kuifahamu taa yenyewe. Taa za LED hazina ule uzi mwembamba uliokuwa ukiwaka moto ndani ya balbu za zamani. Nuru yake hutoka katika chembe ndogo ipitishayo umeme, na kwa sababu hiyo taa ya wati 8 hutoa nuru karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Wataalamu watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuvumbua ile ya rangi ya buluu, ambayo bila hiyo nuru nyeupe ya namna hii isingalipatikana.

Kile kijicho cheupe kilicho chini ya taa, ambacho mafundi hukiita sensa, hakioni sura ya mtu. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho yetu, na sensa huitambua miale hiyo inapohama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana humtambua upesi zaidi mtu apitaye mbele yake kwa kukingama kuliko yule aijiaye moja kwa moja. Ndiyo maana pia haioni kitu kupitia kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo huizuia miale hiyo. Wale walioiweka ndani ili ichungulie nje wamepoteza fedha zao. Baridi ya hapa Kanja huisaidia, maana usiku mwili wa mtu una joto kuliko kila kitu kilicho karibu naye. Ng'ombe na mbwa nao wana joto, na taa haitawabagua.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Sensa huona mwendo tu. Mzee akiketi chooni akatulia, taa itahesabu muda wake kisha itamwacha gizani, naye atalazimika kupunga mikono kama afukuzaye ndege shambani. Sisi twashauri sensa iwekwe kuangaza njia na vidaraja, na ndani ya choo pawe na taa yenye swichi ya kawaida. Tena muda wake usiwekwe ule wa nukta kumi utokao kiwandani. Dakika tatu au tano zamfaa mtu wa mkongojo.

Sasa twaja kwenye nyaya, nasi twaomba mtuvumilie, maana hapa ndipo penye hatari.

Katika nyumba zilizofungwa zamani, rangi za nyaya zilikuwa hivi: nyekundu ni waya wenye moto, nyeusi ni waya wa kuurudisha umeme, ambao mafundi huuita nyutro, na kijani ni waya wa ardhi. Siku hizi kebo mpya zina rangi nyingine. Kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ardhi. Kijana aliyejifunza rangi mpya, akifungua swichi katika nyumba ya babu yake, hukuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Husema moyoni mwake, "Nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kazi ni rahisi." Amekosea. Nyuma ya swichi ya taa ile nyeusi mara nyingi si nyutro kabisa. Ni waya uupelekao moto kwenye taa, swichi iwashwapo. Aliyeifunga nyumba alitumia kebo ya rangi mbili kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, wala hakutia alama yoyote.

Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Kwa sababu sensa yahitaji umeme kidogo saa zote, usiku na mchana, hata taa ikiwa imezimwa, ili ipate kungoja. Kwa kawaida yataka waya wa moto na nyutro. Mahali pa swichi ya zamani hapana nyutro. Basi kijana huyo akiunganisha nyaya zake mbili huona taa haiwaki, au yawaka kidogo kidogo kama kimulimuli, au yapepesa. Ndipo atafutapo nyutro mahali pengine, na karibu yake pana waya mmoja wa kijani usiofanya kazi yoyote machoni pake. Akiuunganisha huo, taa huwaka vizuri sana. Watu wa nyumbani humshukuru, hupewa chai, naye hurudi Nairobi.

Wazee wetu, twaomba jambo hilo lieleweke vyema, maana taa kuwaka si ushahidi ya kwamba kazi ni salama. Waya wa ardhi uliwekwa ili umeme ukitoroka uwe na njia ya kwenda, na fyuzi ipate kukatika. Haukuwekwa kubeba umeme wa kila siku. Siku ambayo waya huo utakatika mahali fulani, kwa panya, kwa kutu, au kwa sababu ile fimbo ya shaba iliyozikwa nje imeng'olewa ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, umeme uliokuwa ukipita humo hautakuwa na pa kwenda. Utangoja katika kila kitu cha chuma kilichounganishwa na waya huo: pasi, birika, sanduku la friji. Atakayeshika birika akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa njia yake. Umeme wetu ni wa volti 240. Katika nyumba isiyo na waya wa ardhi, wako hata wapigiliao chuma ardhini nyuma ya nyumba wakakifanya kuwa nyutro. Tumeyaona hayo kwa macho yetu katika matembezi ya mwaka huu, tena katika nyumba zaidi ya moja.

Njia iliyo sawa si ya siri. Fundi huuchukua moto na nyutro mahali zinapokutana zote mbili, yaani juu darini penye taa au katika kisanduku cha maungio, au huvuta kebo mpya kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Swichi ya zamani huachwa itangulie sensa, ili mwenye nyumba aweze kuukata umeme wote wa taa hiyo akitaka kuisafisha. Swichi hukata waya wa moto wala si nyutro. Ziko nyumba za zamani ambazo zilifungwa kinyume, hata holda ya taa huwa na moto swichi ikiwa imezimwa; na dalili moja, japo si ya hakika, ni taa ya LED kuendelea kung'aa kidogo gizani baada ya kuzimwa. Maungio hukazwa kwa konekta ndani ya kisanduku. Yale ya kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu hulegea, hupata joto, na joto hilo liko juu ya mbao kavu.

Habari ya fyuzi yataka neno. Mstari wa taa hulindwa kwa fyuzi ya ampea 5 au swichi ya kujikata ya ampea 6. Katika visanduku vya zamani, uzi wa fyuzi ukikatika, watu hutia waya wowote waupatao, hata msumari. Kufanya hivyo ni kumfunga mbwa mdomo kwa sababu alibweka. Fyuzi ikatikayo mara kwa mara inaleta habari, na habari hiyo yapasa kusikilizwa. Kadhalika kuna kifaa kiukatacho umeme upesi sana mara tu unapoanza kupita katika mwili wa mtu kwenda ardhini, nacho hutambua hata sehemu 30 za elfu moja za ampea. Nyumba nyingi za zamani hazina kifaa hicho. Kwa maoni yetu, kama mwanachama ana fedha za kununua kitu kimoja tu, anunue hicho kabla ya taa.

Tumeulizwa kama taa hizi hupunguza gharama. Hupunguza, lakini si kwa jinsi watu wanavyodhani. Balbu ya wati 60 iliyoachwa ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia karibu yuniti 22 kwa mwezi. LED ya wati 8 iliyoachwa vivyo hivyo hutumia yuniti zisizofika 3. Ukiitia sensa, ikawaka saa moja tu kwa usiku, taa yenyewe hutumia robo ya yuniti, na sensa ikitumia nusu ya wati saa zote hula zaidi ya theluthi ya yuniti. Maana yake ni kwamba faida kubwa ilikwisha kupatikana ulipoitupa balbu ya zamani. Sensa yafaa kwa ajili ya miguu ya wazee na hofu ya wezi. Anayeinunua kwa ajili ya tokeni hatapata mengi.

Wakati wa kununua, itazamwe alama ya Shirika la Viwango, na namba ioneshayo ya kuwa taa yaweza kustahimili mvua. Sensa nyingine huandikwa viwango viwili vya wati, kimoja kwa balbu za zamani na kingine, kilicho kidogo zaidi, kwa LED. Wengi husoma kile kikubwa. LED huvuta umeme kwa kishindo katika nukta ya kwanza ya kuwaka, na kishindo hicho huweza kuigandisha swichi ndogo iliyo ndani ya sensa, taa ikawa haizimi tena. Pia msinunue zile taa kubwa za uwanja wa mpira kuziweka mlangoni mwa mzee. Jicho la mzee likimulikwa ghafula halioni kitu kwa muda, na vidaraja viko papo hapo mbele yake.

Jambo la mwisho la kazi ni kebo zipelekwazo kwenye choo, zizi au nyumba ya kijana. Kebo ya ndani ya nyumba isitupwe juu ya miti, wala isifungwe pamoja na waya wa kuanikia nguo, wala isipitishwe juu ya mabati kwenye makali. Jua huipasua ganda lake, upepo huisugua, na siku moja ukuta mzima wa mabati huwa na moto. Kebo ya nje ipitayo ardhini iwe ile yenye kinga ya chuma, izikwe nusu mita au zaidi, ili jembe lisiifikie. Tena pale ambapo nyumba mbili zatumia mita moja, au nyumba moja yavutiwa stima kutoka kwa jirani, fundi asiridhike kuzima swichi kubwa aionayo. Azime, atoe fyuzi aitie mfukoni mwake, akijaribu kijaribio chake kwanza mahali penye moto ili ajue ni kizima, kisha ajaribu kila waya kabla ya kuugusa.

Baada ya kusema hayo yote, maoni ya Halmashauri ni haya. Chama kisimpe mwanachama taa ya kufungwa kwenye stima kabla nyumba yake haijakaguliwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, ambayo kwa sheria ndiyo itoayo ruhusa ya kazi hiyo. Fundi huyo aoneshe leseni yake kwa Katibu, na akimaliza aandike alichokiona. Twajua kuna vijana wetu hodari wasio na leseni. Hodari hao wachimbe mitaro, wapande darini, wajifunze kando yake. Hatuwazuii, bali twawataka wakatahiniwe wapate leseni zao, maana kazi ipo.

Kwa nyumba ambayo nyaya zake zimeonekana kuwa mbovu, wala mwenyewe hana fedha za kuzibadili, Halmashauri haikubali aachwe gizani. Huyo apewe taa ya jua yenye sensa yake na betri yake ndani, ambayo haigusi waya wowote wa nyumba. Nuru yake ni ndogo, na katika miezi ya sita hadi ya nane, mawingu na manyunyu yatufunikapo, haitashiba jua na huenda ikazima kabla ya alfajiri. Hilo twalisema wazi. Lakini itamfikisha mzee chooni na kumrudisha, nayo yaweza kufungwa kwa misumari miwili siku iyo hiyo.

Wako waliotuambia ya kuwa ukaguzi utakula fedha, na ya kuwa taa zitakazonunuliwa zitakuwa chache. Ni kweli, zitakuwa chache. Hesabu ya Mtunza Hazina iko mbele yenu katika kitabu hiki, nasi hatukuipamba. Twauliza tu: katika nyumba ya mbao, iliyo na bibi mmoja na wajukuu watatu, ni nani kati yetu yuko tayari kutia sahihi ya kwamba taa ifungwe na yeyote, vyovyote?

Shauri sasa ni la mkutano. Likikubaliwa, wajumbe wa kila kijiji wataleta kwa Katibu majina ya wazee na wajane, na kando ya kila jina waandike mambo matatu: nyumba ilifungwa stima mwaka gani kama yajulikana, ina kisanduku cha fyuzi cha namna gani, na kama fimbo ya ardhi ingaliko nje. Nyumba zenye harufu ya kuungua penye swichi, au ambazo mtu amepigwa na stima akigusa bomba au ukuta, zisingoje orodha. Swichi kubwa izimwe leo, na Katibu aarifiwe kabla hatujaondoka hapa.